Siku Chaji Ilipoanza Kulipiwa, Mtwapa hadi Mambrui

Nyinyi mliokuwa jikoni Mambrui Jumamosi ile hamjaniacha nikapumua. Mwataka kujua yule mama wa Kikamba aliyekula sahani mbili za pilau alialikwa na nani. Mwataka kujua kwa nini Kaka Mbarak alifika na gari la watu, na mimi niliyetumwa kumleta nikafika watu wameshanawa mikono, gari langu limejaa vumbi na maganda ya mahindi. Nimeeleza kwa simu mara nne, na kila mara mwanicheka kabla sijavuka Kilifi. Basi naandika, na mkitaka kucheka mcheke hukohuko mliko.

Nitaanza na yale mnayoyajua, kwa ajili ya wasiotujua. Zuhura, bibi harusi, ni binti wa marehemu ndugu yetu Salim. Baba hana, babu hana, wala hana ndugu wa kiume. Walii wake, mwenye haki ya kumwoza, ni Kaka Mbarak, mkubwa wetu, anayekaa Mtwapa. Mimi ni shangazi tu, siozi mtu. Na Kaka Mbarak ana maradhi mamoja ambayo hospitali zote zimeshindwa nayo: harufu ya petroli na dizeli. Akiingia gari, robo saa haipiti, anatapika mpaka macho yanageuka. Salim alipofariki, kaka alipanda basi kuja kumzika, na walimteremsha Kikambala akiwa hajijui. Tukazika bila yeye. Hajawahi kulizungumza jambo hilo tangu siku ile, na sisi hatukuthubutu kuligusa.

Shehe alishauri kaka ampe uwakilishi kwa simu, yeye shehe afungishe ndoa kwa niaba yake. Ni jambo linalokubalika. Zuhura akakataa katakata.

"Shangazi, babangu alizikwa bila nduguye," aliniambia. "Mie sitaozwa kwa simu. Gari lako halinywi petroli. Nenda kamlete."

Gari lenyewe mnalijua, kile kigari cheupe cha umeme ninachosambazia mahamri na vitumbua. Kimepita mikono miwili kabla ya kuja kwangu, na betri yake imechoka. Nilikinunua kwa sababu moja: vituo vya kuchajia njiani vilikuwa bure. Nina mkono wa birika, mnajua, sina haja ya kujificha. Ndoa ilikuwa Jumamosi saa kumi u nusu, baada ya sala ya alasiri.

Malindi hadi Mtwapa, Ijumaa, bure

Nilitoka Malindi asubuhi nikafika Mtwapa magharibi. Msinicheke bado. Saa tatu nzima nilikaa Kilifi nikisubiri kuchaji. Kituo kile kina plagi mbili, moja imefunikwa gunia tangu mvua za mwaka jana, na ile nyingine bwana mmoja alikuwa ameichomeka kwenye gari lake akaenda kuogelea. Kwa kuwa umeme ulikuwa bure, watu walikuwa wanaacha magari pale wanavyoyaacha nyumbani kwao.

Lakini sisi wateja wa kituo kile tulikuwa na desturi yetu. Umeme hulipi, ila huji mikono mitupu. Mimi huleta mahamri, mwingine madafu, mwingine korosho. Vyote hukabidhiwa Kadzo, askari wa kituo, mwanamke wa Kigiriama asiyecheka ovyo, naye huwagawia wanaosubiri. Ijumaa ile Kadzo alijaribu kuniambia habari fulani kuhusu kesho yake na bango jipya. Sikumsikiliza, nilikuwa nimeshughulika kumsema bwana wa kuogelea.

Mtwapa hadi Kuruwitu

Saa moja asubuhi nilimkuta kaka amesimama mlangoni. Kanzu imepigwa pasi, joho kalikunja kwapani, ndimu tatu mfukoni, na mkononi ndoo ndogo yenye mfuniko.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yake yako kwenye gari. Alilizunguka akinusa. Alinusa tairi. Alinusa mahali petroli hutiwa, ambapo kwangu ni kijitundu cha kebo, kisha akaingia taratibu, akaipakata ndoo na kufunga mkanda juu yake.

Tulikwenda hivyo mpaka Kikambala. Hapo niliona anageuza shingo kutazama kituo cha basi, kile alichoteremshwa mwaka ule. Nikapunguza mwendo. Kaka alitazama mpaka tukapita, akavuta pumzi ndefu kwa pua, kisha akaichukua ndoo kutoka mapajani akaiweka chini miguuni.

"Kumbe ni hapa tu," akasema. "Nilidhani nilifika mbali."

Tangu hapo akawa mtoto. Alitaka kujua kila jengo jipya ni la nani. Alifungua dirisha akalifunga mara kumi. Tulipokaribia Vipingo akakumbuka kwamba Zuhura anapenda pweza, na kwamba pweza wazuri huuzwa Kuruwitu, basi tukakata kulia kwenda pwani. Nilipinga kidogo, kwa sababu ya betri, lakini ningemnyimaje?

Kule ufuoni kaka aliona samaki wanene wanacheza karibu kabisa na nchi kavu, akauliza bei. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikausha nyavu alimweleza kwa upole kwamba sehemu ile wameitenga wenyewe, havuliwi hata dagaa, na mgeni hutoa mchango kidogo kwa kuwatazama tu. Kaka alidhani anataniwa. Alipoelewa kwamba ni kweli alitoa mchango wake, akasimama dakika arubaini akitazama samaki kwa adabu. Pweza tulimpata kwa mvuvi aliyerudi kutoka nje ya sehemu hiyo, naye pweza akaingia ndani ya ile ndoo ya kutapikia, mfuniko ukafungwa. Kaka alicheka peke yake mpaka barabara kuu.

Kilifi, penye plagi moja

Nilifika Kilifi nimejiandaa kwa foleni na ugomvi. Foleni haikuwepo. Plagi ilikuwa tupu, kebo imeviringwa vizuri, na ukutani bango jipya. Kuanzia leo kuchaji kunalipiwa, kwa simu, kabla ya kuchomeka. Na chini yake, kwa herufi ndogo, ada ya kila dakika gari linapokaa pale.

Nilimgeukia Kadzo kama kwamba yeye ndiye aliyeitunga ile ada. Nilisema mengi ambayo sasa nayaonea haya. Nilimwambia gari hili nililinunua kwa ahadi ya bure, ingawa hakuna aliyeniahidi. Alinisubiri nimalize. Nikamsukumia mkebe wa mahamri, nikidhani utasaidia. Akaupokea, akashukuru, akaendelea kunyoosha kidole kwenye bango.

"Mahamri ni mambo yangu na yako, dada," akasema. "Umeme una mwenyewe."

Nilikuwa bado natafuta simu kwenye mkoba kwa hasira, ndipo likaingia gari jingine la umeme, kubwa, la fedha, lenye vumbi la safari ndefu. Akashuka kijana wa makamo, Mutua, nesi kutoka bara, na mamake mzee ambaye alimleta aone bahari kwa mara ya kwanza maishani. Kaka Mbarak alikuwa ameshasimama.

"Mgeni kwanza," akamwambia, akimwonyesha plagi.

Nilimfinya. Hakujali. Mutua alipoanza kulisoma bango, kaka akatoa simu yake, akamwuliza Kadzo namba ya plagi, na kabla mtu hajatambua alikuwa amelipa chaji ya gari zima la watu asiowajua.

Hapa nawaomba mjiweke mahali pa Mutua. Mtu ametoka huko mbali, ameonywa na wenzake juu ya matapeli wa kila rangi, halafu mzee mwenye kanzu anamlipia deni ambalo hajaulizwa. Uso wake ulibadilika. Akaweka mkono mfukoni juu ya pochi.

"Mzee, mimi sikujui na wewe hunijui," akasema. "Kwa nini unanilipia? Unataka nini kwangu?"

Akamwita Kadzo awe shahidi kwamba hakuomba chochote na hatatoa namba yake ya siri kwa mtu. Kaka alirudi kwenye benchi la kituo akakaa, kichwa chini, na mimi niliyekuwa nimemkasirikia sasa nikawa namkasirikia Mutua. Nikamweleza, tena si kwa sauti ya chini. Kwetu mtu akija akakukuta kwenye benchi la muuza kahawa, kahawa yake ya kwanza ni juu yako. Humjui, hakujui, hakuna anayeuliza. Kaka amelifananisha benchi na benchi, basi.

Kaka akasema bila kuinua kichwa, "Jana ilikuwa bure. Kitu cha bure ningemkirimu nacho vipi?"

Yule mama aliuliza kitu kwa Kikamba. Mutua akamjibu kwa maneno mengi. Mama akamsikiliza, akaenda kwenye mkebe wa Kadzo, akachukua mahamri mawili, akaja kukaa kando ya Kaka Mbarak. Moja akala, moja akampa. Kesi ikaisha hapo.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Kadzo alileta chai. Kaka alimweleza Mutua habari za Zuhura, na mnajua ukishataja harusi mbele ya mtu umeshamwalika, kwa hiyo aliwaalika, akaandikiana naye namba za simu na kumchorea njia ya Mambrui kwenye karatasi ya mahamri. Gari la fedha lilikuwa limejaa kitambo. Dakika zikahesabika mpaka Kadzo akaja kuwakumbusha, na Mutua akalipa ada ya ziada huku akicheka. Wakaondoka wakitupungia mkono, wakasema watapita Gede mama apate chakula.

Ile ada ya dakika ndiyo iliyoniingia kichwani. Nilichomeka gari langu, nikalipa kwa shingo upande, nikakaa nikiikodolea macho saa. Nilidhani dakika zinahesabiwa tangu unapochomeka. Sikusoma bango hadi mwisho, wala sikumwuliza Kadzo, maana tulikuwa tumekosana. Betri ilipofika nusu na kidogo, uvumilivu ukanishinda, nikachomoa.

"Imejaa?" kaka akaniuliza.

"Inatosha," nikasema.

Kilifi hadi Mida, polepole

Tezo tulipita kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Nilizima feni ya baridi, nikafunga madirisha ili upepo usituzuie. Kaka alikuwa anatiririka jasho ndani ya kanzu na hakulalamika. Alitaka tusimame tununue mahindi ya kuchoma, nikamwambia tumechelewa. Alitaka tusimame anunue korosho, nikamwambia zipo Mambrui.

Mbele kidogo ya Matsangoni ikajitokeza picha ya kobe, alama ya betri inayokaribia kuisha, kwenye kioo kidogo mbele ya dereva. Kaka aliipenda sana. Akaniuliza yule kobe anafanya nini pale. Nikamjibu kwamba gari linatuomba twende polepole. Akasema ni gari lenye adabu.

Tulipopita Mida, saa nane u nusu, lilikwenda polepole mpaka likasimama.

Watu walikuwa wema kupita kiasi. Lori lilisimama, pikapu mbili zikasimama, zote tayari kumpeleka mzee Mambrui bila malipo, na zote zikinguruma dizeli. Kaka alizitazama moja moja. Kisha akavaa joho lake pale barabarani, akakung'uta vumbi, akaenda kwenye pikapu iliyo karibu.

"Nitatapika njia nzima," akaniambia, "lakini nitafika."

Aliweka mguu mmoja juu. Nilimwona uso unakuwa wa majivu. Jasho lilimtoka upya, akashika mlango kwa mikono miwili, na hakuuteremsha ule mguu. Naapa sijawahi kujichukia vile. Nilimkumbuka Salim, nikamkumbuka Zuhura amekaa chumbani na hina yake akinisubiri, na yote haya kwa sababu ya shilingi za dakika.

"Teremka, kaka," nikamwambia. "Chaji haikujaa. Niliogopa ada nikachomoa."

"Najua," akasema. "Nilikuona."

Akateremka, akanipa simu yake. Barabara nzima ile, kutoka Kilifi hadi Malindi, tulikuwa tunajua gari moja tu jingine lisilonuka. Nikampigia Mutua. Alikuwa Gede, mamake ndiyo kwanza ameletewa samaki. Sikumaliza maelezo yangu.

"Tunakuja," akasema. "Mama amesema mzee aliyetulipia haachwi barabarani."

Nusu saa haikupita, gari la fedha likaja kimya kimya. Mama alikuwa amefungiwa samaki wake kwenye karatasi. Kaka aliingia nyuma na ndoo yake ya pweza, akanusa mara moja, rangi ikamrudia. Gari lile liliweza kurudi nyuma na kwenda tena mbele hadi Mambrui kwa kuwa lilikuwa limejazwa mpaka juu, na lilijazwa kwanza kwa sababu kaka aliwapisha. Mimi niliyemfinya ndiye niliyebaki na kobe wangu.

Mida hadi Malindi, juu ya tela

Aliyenitoa ni Kazungu, mkulima wa Jilore, aliyekuwa anarudi kwao na trekta na tela tupu baada ya kushusha mahindi Tezo. Aliuliza gari lina nini, nikamwambia halina umeme. Akauliza kama nimejaribu kulisukuma liwake. Nikamwambia hili haliwaki kwa kusukumwa. Akaliangalia kwa huruma, akatafuta mbao mbili na watu tisa, wakalipandisha telani kwenye maganda ya mahindi na kulifunga kamba. Nafasi ya pili kwenye trekta hamna, kwa hiyo nilikaa ndani ya gari langu, mkanda nimefunga, mikono kwenye usukani, nikapita Gede juu ya tela watoto wakinishangilia.

Baada ya Gede simu yangu ikalia. Ilikuwa saa kumi u nusu na dakika chache. Sauti ya Mutua, ya kunong'ona.

"Dada, tulifika mapema. Mzee amesema nishike simu hapa karibu na mdomo wake. Usikate."

Nilitoa kichwa dirishani nikampigia Kazungu kelele na kupunga mtandio mpaka akanisikia, akazima injini kando ya barabara. Pakawa kimya. Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

Nilimsikia shehe anamaliza hotuba. Nikamsikia kaka anakohoa. Kisha akasema kwa sauti isiyotetemeka hata kidogo, "Nimekuoza mwana wa ndugu yangu, Zuhura binti Salim, kwa mahari mliyokubaliana."

Alilitaja jina la Salim taratibu, kwa kulikamilisha. Bwana harusi akajibu kwamba amekubali. Halafu vikaja vigelegele vyenu, mpaka ikabidi niitenge simu na sikio, na mimi nikapiga vyangu peke yangu juu ya tela, huku nalia.

Kazungu alikuwa ameteremka akavua kofia. Aliniuliza kwa sauti ya pole kama nimepata msiba.

"La, baba," nikamwambia. "Tumeoza."

Alivaa kofia yake, akacheka, akawasha trekta.

Malindi hadi Mambrui

Malindi Kazungu aliniteremsha kwenye kituo cha kuchajia, nikamwahidi sinia la pilau, na sinia hilo mlinisaidia wenyewe kulipakia Jumapili. Hapo napo palikuwa na bango jipya, nalo nililisoma hadi nukta ya mwisho. Dakika hazihesabiwi mpaka gari lijae, tena baada ya kujaa unapewa kumi za kupumua. Nililipa. Sikununa wala sikuhesabu. Na nitasema jambo ambalo hamtarajii kulisikia kwangu: kama ile ada isingeanza siku ile, bwana wa kuogelea angekuwa Kilifi na gari lake, na mimi, kaka na Mutua tungekuwa nyuma yake mpaka kesho.

Nilisubiri mpaka mwanga wa kijani ukasimama kabisa, kisha nikaja Mambrui. Mlikuwa mmeshanawa mikono. Mama wa Mutua alikuwa amefungwa leso mpya, amekaa katikati yenu, akifundishwa kupiga kigelegele. Pweza wa Zuhura alikuwa ameshaingia kwenye nazi. Bibi harusi mwenyewe alinikumbatia na hina zake mbichi, ndiyo maana hii baibui yangu ina madoa ambayo sitayafua.

Kaka Mbarak nilimkuta barazani, kwenye kiti ambacho Salim alikuwa akikikalia. Nilitaka kuanza kuomba radhi. Akaniwahi.

"Imejaa?" akaniuliza.

"Imejaa, kaka."

"Basi kesho asubuhi nipeleke kwa Salim."

Tulikwenda baada ya chai, yeye na mimi, na ndoo tuliiacha jikoni.